Khachkari ya Tufu Kutoka Karakana ya Yerevan

Khachkari ni bamba la jiwe lililochongwa msalaba na nakshi. Ile ndogo niliyoinunua katika karakana moja mjini Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ina urefu wa takriban shubiri mbili, nayo imechongwa kwa tufu, jiwe la volkano lenye rangi ya waridi ambalo Waarmenia wamelitumia tangu kale kwa majengo na kwa mawe ya ukumbusho. Kwa Kiarmenia, khach ni msalaba na kar ni jiwe.

Kabla ya kununua nilikuwa nimezuru makaburi ya Noratus, karibu na Ziwa Sevan, na monasteri ya Goshavank, ilipo khachkari ya mwaka 1291 iliyochongwa na fundi Poghos, ambayo nakshi zake zimechimbwa tabaka chini ya tabaka hata jiwe likafanana na lesi. Si haki kuipima kazi ya leo kwa kipimo cha Poghos, lakini baada ya kuiona ile nilijua la kutazama. Katika duka la kwanza nilitoka mikono mitupu, kwa sababu nilikuta khachkari tatu zilizolingana kila jani na kila fundo, mifereji yake ikiwa na kina kimoja na sakafu laini, dalili za mashine, ilhali sifa kuu ya sanaa hii, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, ni kwamba hakuna khachkari mbili zinazofanana.

Hii yangu ina alama za tindo chini kabisa ya mifereji. Ncha za msalaba zinachipua majani, na duara la umilele lililo chini yake limesukwa kwa utepe mmoja ambao kidole hufuata bila kufika mwisho. Hapo ndipo fundi alipoonyesha ustadi wake wote.

Kasoro zipo. Ukingo wa juu uliojitokeza ni mnene kupita kiasi na unaulemea msalaba, na pembeni kuna ufa mdogo uliozibwa kwa chokaa. Kuziba hivyo ni desturi ya kazi hii, ila rangi yake ingelinganishwa vizuri zaidi. Nilipenda ukweli wa muuzaji, aliyenieleza kuwa khachkari hii haijabarikiwa wala kupakwa mafuta matakatifu, kama zifanyiwavyo zile zinazosimamishwa kwa ibada. Anayetaka kununua aombe kuitoa nje jioni, jua likiipiga kwa ubavu, kwa kuwa chini ya taa za dukani kina cha nakshi hakionekani.