Grenoble: Panda Bastille kwa Kiputo, Shuka kwa Miguu

Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa, ni mji uliokaa tambarare huku milima ikiuzunguka pande zote. Kaskazini, Mto Isère unapita ukigusa mguu wa kilima cha Bastille, na juu ya kilima hicho kuna ngome iliyo mita 476 kutoka usawa wa bahari. Mitaa ya mji iko kwenye mita 212 hivi. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 260, gari la waya, lenye vyumba vya mviringo viitwavyo viputo vinavyoning'inia kwenye waya, huimaliza kwa dakika kama tano, na ndilo jambo la kwanza ambalo kila mgeni huelekezwa kulifanya.

Ni ushauri mzuri, ila wengi huutekeleza nusu. Hununua tiketi ya kwenda na kurudi kwa sababu kurudi huongezewa bei kidogo tu, hupanda, hupiga picha kwenye ukuta wa kwanza, kisha hurudi kwenye foleni. Hawa wamekosa sehemu iliyo bora. Safari ya kupanda inastahili bei yake yote. Kushuka kunastahili miguu yako, kwa maana njia ya kushukia inapita katikati ya maboma, makumbusho mawili ya bure na mtaa wa kale kabisa wa mji. Kama magoti ni mazima, nunua tiketi ya kupanda tu.

Kituo cha chini kipo Quai Stéphane-Jay, ukingoni mwa mto, nyuma tu ya bustani ya Jardin de Ville. Kutoka stesheni ya treni ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Ukiwa na mzigo, panda tramu ya A au B, ushuke Hubert Dubedout – Maison du Tourisme, kisha ukatize bustani. Tiketi ya tramu hununuliwa kwenye mashine ya kituoni, na lazima uipitishe kwenye kifaa cha kuithibitisha kilichopo hapohapo kituoni kabla ya kupanda. Hapa ndipo wageni wengi hupigwa faini: tiketi wanayo mfukoni, lakini haijathibitishwa. Pia tiketi hiyo haitumiki kwenye gari la waya, ambalo lina tiketi zake.

Gari lenyewe lilianza kazi Septemba 1934, miongoni mwa magari ya waya ya kwanza duniani kujengwa ndani ya mji. Viputo vya mviringo vinavyoonekana leo vililetwa mwaka 1976. Husafiri kwa mafungu, vinne au vitano vikifuatana kulingana na msimu: fungu moja likipanda, jingine linashuka. Kila kiputo huchukua watu sita. Kwa hiyo foleni haisogei kidogo kidogo, husogea kwa mkupuo; kundi zima linaingia, kisha mnasubiri kundi linalofuata. Ukitaka kuona mto na mapaa ya vigae ya mji wa kale vikizama chini yako, kaa ukitazama nyuma, upande wa mji. Anayekaa akitazama mbele huona mwamba na kuta za ngome tu, ingawa kwa mtu anayeogopa urefu kiti hicho ndicho salama kwa moyo wake. Majira ya joto viputo hupata joto kali kwa kuwa vimezungukwa na plastiki angavu. Mchana wa Julai si saa ya kumpandisha mtoto mchanga.

Mambo matatu huharibu mpango. La kwanza ni Januari: gari husimamishwa kwa matengenezo ya mwaka, hivyo atakayekuja mwezi huo aangalie tarehe kabla ya kuweka nafasi ya hoteli, au ajiandae kupanda kwa miguu. La pili ni upepo mkali, ambao husimamisha huduma ya magari ya waya, hapa na kwingineko. La tatu ni saa za kazi. Jumatatu mara nyingi huanza kwa kuchelewa kuliko siku nyingine, na kipindi cha baridi hufunga mapema, ilhali majira ya joto huendelea hadi usiku.

Sasa juu. Usisimame kwenye baraza la kwanza kituoni. Panda ngazi hadi Terrasse des Géologues, juu kabisa ya ngome, ambako kuna vibao vinavyotaja kila kilele. Mashariki ni safu ya Belledonne, ambayo kilele chake kirefu kina mita 2,977. Kusini-magharibi ni Vercors, na mlima Moucherotte wa mita 1,901 ukiuangalia mji. Mgongoni mwako ni Chartreuse, na Bastille yenyewe ni ncha ya kusini ya safu hiyo. Chini, mbele yako, utaona barabara moja iliyonyooka kama uzi kwa kilomita nane hivi kuelekea kusini, na upande wa kulia, karibu na mahali Mto Drac unapoungana na Isère, duara kubwa jeupe: hiyo ni maabara ya Ulaya ya synchrotron, mashine inayozungusha elektroni kwa kasi kubwa ili zitoe miale, yenye mzingo wa mita 844. Siku ya hewa safi, ukitazama kaskazini-mashariki kupitia bonde la Grésivaudan, Mont Blanc inaonekana, ingawa iko zaidi ya kilomita mia moja.

Siku ya hewa safi, lakini. Grenoble ni bakuli, na katika baridi hewa ya ubaridi hukwama chini huku hewa ya joto ikiifunika kwa juu, moshi na ukungu vikabaki palepale siku kadhaa. Ukiona kutoka mjini kwamba milima ina rangi ya kijivu iliyofifia, ahirisha. Siku bora ni ile inayofuata mvua au upepo. Kwa wapiga picha, saa ni muhimu kuliko kamera. Mji uko kusini mwa ngome, hivyo mchana jua linakupiga usoni na picha hutoka zimepauka. Asubuhi jua huangaza kuta za Vercors, wakati Belledonne iko gizani mbele ya mwanga. Alasiri hugeuka, na dakika za mwisho kabla ya jua kuzama theluji ya Belledonne huwa ya waridi. Mwenye nafasi ya mara moja tu apande saa mbili kabla ya machweo, lakini hapo ashuke kwa gari la waya, maana njia haifai gizani.

Ngome ilijengwa chini ya Jenerali Haxo katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kulinda mji dhidi ya jeshi ambalo lingetokea upande wa Savoie, wakati huo nchi nyingine. Ndiyo maana kuta zake nzito zinatazama mlimani na si mjini. Dakika chache juu yake kuna Grottes de Mandrin, mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba yakiwa na matundu ya kufyatulia bunduki. Kuingia ni bure. Tumia taa ya simu, sakafu ina mashimo na maji. Jina ni la Louis Mandrin, mfanyamagendo maarufu wa Dauphiné, jimbo la zamani lenye Grenoble, lakini yeye aliuawa mwaka 1755, miongo mingi kabla ya mahandaki haya, basi usiamini hadithi kwamba alijificha humo. Mwenye pumzi aendelee kwa njia ya msituni hadi Mont Jalla, nusu saa hivi ya kupanda, kwenye ukumbusho wa askari wa milimani. Watu wanakuwa wachache huko, na mandhari ya Belledonne ni mapana zaidi.

Kushuka kuna njia mbili kuu. Ya magharibi huishia Jardin des Dauphins kupitia bustani zilizopangwa kwa ngazi. Ni nzuri, lakini bustani hufungwa jioni, na anayechelewa hukuta geti limefungwa. Ya mashariki, kuelekea Saint-Laurent, ndiyo ya kuchagua. Inaanza na ngazi ndefu ndani ya kuta za ngome, kisha vijia vya kona kona vyenye alama za njano. Tenga dakika 45 bila haraka. Mawe ya chokaa yamesuguliwa na nyayo za miaka mingi, yanateleza yakilowa, na vuli majani huyafunika. Viatu viwe na soli yenye meno. Mkokoteni wa mtoto haupiti kabisa; familia yenye nao irudi kwa gari la waya.

Karibu na chini, fuata kibao cha Musée Dauphinois. Makumbusho haya yamo katika nyumba ya zamani ya watawa wa kike ya karne ya 17, Sainte-Marie d'en Haut, na yanaeleza watu wa Alps waliishije: ng'ombe, jibini, theluji, mbao za kuteleza thelujini. Usikose kanisa lake dogo, ambalo kuta na dari zimefunikwa kwa michoro. Hatua chache chini zaidi, makumbusho ya akiolojia ya Saint-Laurent yamo ndani ya kanisa lililochimbwa sakafu, na unatembea juu ya mamia ya makaburi hadi kwenye chumba cha chini cha karne ya 6 chenye nguzo zake. Yote mawili ni bure, kwa kuwa ni ya mkoa wa Isère, na yote mawili hufungwa Jumanne. Hii pekee yatosha kuifanya Jumanne kuwa siku mbaya ya Bastille, hasa kwa vile hata Musée de Grenoble, lenye picha za wachoraji Matisse, Picasso na Zurbarán ng'ambo ya mto, hufungwa siku hiyohiyo.

Ukitoka hapo utapita chemchemi ya simba na nyoka ya mwaka 1843, simba akiwa ni mji na nyoka akiwa ni Mto Isère uliokuwa ukifurika. Kando yake kuna mstari wa maduka ya piza, urithi wa Waitalia waliohamia mtaa huu. Yanajaa usiku, na ubora wake unatofautiana sana. Ni afadhali kuvuka daraja la miguu na kutafuta chakula cha Grenoble kwenyewe.

Chakula hicho ni gratin dauphinois: viazi vilivyokatwa vyembamba, maziwa, krimu, kitunguu saumu. Ile ya asili haiwekwi jibini juu. Kingine ni ravioles, vipande vidogo vya unga vyenye jibini na majani ya parsley ndani. Havina nyama, lakini mikahawa mingi huongeza vipande vya nguruwe vinavyoitwa lardons, kwa hiyo asiyekula aseme "sans lardons" wakati wa kuagiza. Sokoni Halles Sainte-Claire, ambako Jumatatu hakuna soko, ravioles huuzwa kwa karatasi ya vipande 48. Mwenye jiko alikofikia anunue karatasi mbili kwa mtu: chemsha mchuzi, punguza moto, tia ravioles, zikielea baada ya dakika moja zitoe. Maji yakitokota kwa nguvu zitapasuka na jibini lote litabaki sufuriani.