Mabango ya Zamani ya Filamu Mnadani: Lipi la Kununua Kwanza, Lipi la Kuachana Nalo

Bango la filamu halikuchapwa ili lidumu. Lilipelekwa kwenye ukumbi wa sinema, likabandikwa nje kwa wiki moja au mbili, kisha likarudishwa kwa msambazaji, likasafirishwa hadi mji mwingine, au likatupwa. Kwenye mabango mengi ya Marekani yaliyosambazwa na National Screen Service, shirika lililoishika biashara hiyo tangu 1940 hadi miaka ya 1980, ukingo wa chini una maandishi madogo yanayosema kwamba karatasi hiyo ni mali ya shirika na ni lazima irudishwe mara tu maonyesho yanapokwisha. Kwa hiyo kinachonadiwa leo ni karatasi ambayo mtu fulani hakuirudisha, na uchache unaotokana na uzembe huo ndio unaoipa bei.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi mwenye dola 100 hadi 500 za Marekani kwa mara moja, anayetaka kitu halisi cha kutundika ukutani, ambacho siku akikiuza hatatoka mikono mitupu. Haumhusu anayewania bango la Dracula ya 1931, ambalo nakala yake moja iliuzwa na Heritage Auctions kwa dola 525,800 mwaka 2017. Soko la juu namna hiyo lina watu wake na wanasheria wao.

Nafasi ya kwanza naipa kadi za ukumbini, ingawa wengi huzipita wakikimbilia mabango makubwa. Hizi ni picha zilizochapwa kwenye karatasi nzito ya inchi 11 kwa 14 na kupangwa ndani ya ukumbi, karibu na dirisha la tiketi, ili anayeingia aonjeshwe matukio ya filamu. Kwa kawaida zilitolewa kwa seti ya kadi 8. Ya kwanza ndiyo kadi ya jina, yenye mchoro unaokaribiana na ule wa bango. Zinazobaki ni matukio. Bei ndani ya seti moja hutofautiana mno: kadi ya jina na zile ambazo sura ya nyota inaonekana waziwazi hugombewa, ilhali kadi yenye waigizaji wadogo au mandhari matupu, ambayo wafanyabiashara wa Marekani huiita kadi mfu, mara nyingi huchukuliwa na mnunuzi mmoja asiye na mpinzani. Katika filamu kama Hatari! ya 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kupigwa picha Tanganyika, upande wa Arusha, tarajia ushindani kwenye kadi yenye gari linalokimbizana na faru kuliko kwenye kadi ya watu waliokaa wakizungumza. Anayependa filamu hiyo kwa sababu jina lake ni neno letu tupu, pamoja na alama yake ya mshangao, anaweza kuanza na kadi hiyo ya mazungumzo na asijutie.

Sababu za kuiweka kadi mbele ni za kawaida kabisa. Haikunjwi, husafiri katikati ya makadibodi mawili bila kudhurika, na fremu yake fundi yeyote wa mtaani huitengeneza. Udhaifu wake ni matundu ya pini kwenye pembe, ambayo si kosa kubwa, na kupunguzwa kingo kwa mkasi, ambalo ni kosa kubwa sana. Muulize muuzaji vipimo kamili. Kadi ya inchi 10 na nusu kwa 13 na nusu imekatwa, hata kama maelezo ya mnada yanaisifia rangi.

Nafasi ya pili ni bango lenyewe la ukubwa wa kawaida wa Marekani, ambalo kwa filamu za kabla ya miaka ya 1980 ni inchi 27 kwa 41, la onyesho la kwanza, la filamu yenye jina la wastani. Neno wastani nimelikusudia. Mogambo ya 1953, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, au Born Free ya 1966 iliyopigwa picha Kenya, ni filamu zinazojulikana lakini hazina jeshi la wakusanyaji matajiri wanaozisaka, na hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida hupata karatasi halisi yenye michoro mizuri kwa bei isiyomuumiza.

Hapa mnunuzi mpya hushtushwa na mikunjo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango haya yalikunjwa kabla ya kutumwa kwenye kumbi, kwa hiyo bango la 1962 lenye alama za mikunjo lipo kama lilivyotoka kiwandani. La kutiliwa shaka ni lile lisilo na mkunjo wowote. Yako mabango machache ya zamani yaliyohifadhiwa yakiwa yameviringishwa, nayo hupata bei ya juu, lakini kwa uzoefu wangu “bado jipya kabisa, halijawahi kukunjwa” ni maneno ya kumfanya mtu avute miwani.

Niliwahi kukosea upande wa pili pia. Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni bango alilolitangaza kuwa la 1962, na kwenye picha mikunjo ilionekana vizuri: msalaba katikati na mistari miwili zaidi ya kulala. Lilipofika nililitandaza mezani, nikapitisha kidole juu ya mkunjo wa kati, na kidole hakikusikia kitu. Karatasi ilikuwa laini kama ya kalenda. Mikunjo ilikuwa imechapwa, yaani mtu alipiga picha bango la kweli lililokunjwa, akaichapa picha hiyo pamoja na makunyanzi yake. Nilipoweka kioo cha kukuzia juu ya maandishi madogo ya chini, herufi ambazo zilipaswa kuwa nyeusi na zenye kingo kali zilikuwa zimejengwa kwa vitone vya rangi nne. Tangu siku hiyo huomba picha tatu kabla ya kutaja dau: ukingo wa chini kwa karibu, upande wa nyuma wote, na mkunjo mmoja ukimulikwa taa kutoka ubavuni.

Ukingo wa chini ndio kitambulisho cha bango. Mabango ya National Screen Service yana namba inayoanza na tarakimu mbili za mwaka, kisha mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Ya 1962 itaanza na 62. Ikitanguliwa na herufi R, kwa mfano R67, ujue filamu ilirudishwa kwenye kumbi mwaka 1967 na bango lilichapwa kwa ajili ya marudio hayo. Muuzaji asiyetaja herufi hiyo huenda hajui, huenda anajua. Namba pekee haithibitishi kitu, kwa kuwa nakala bandia hubeba namba ileile, lakini namba isiyolingana na mwaka unaodaiwa inatosha kukufanya uachane na bidhaa.

Mabango hayo ya marudio nayaweka nafasi ya nne. Si bandia, ni karatasi halisi za sinema zenye umri wake, na kwa filamu ambazo bango la kwanza haligusiki ni njia halali ya kuwa na kitu cha zamani ukutani. Tatizo ni kwamba mara nyingi hupoteza michoro ya awali na kuchapwa kwa rangi chache, na bei yake haipandi kwa mwendo wa lile la kwanza. Lipa kama marudio, na usilipe zaidi.

Nafasi ya tatu, niliyoiruka kwa makusudi, ni mabango ya nchi nyingine kwa filamu mashuhuri. Kila nchi ilichora lake. Waingereza walitumia bango la kulala la inchi 30 kwa 40. Wafaransa la sentimita 120 kwa 160. Waitaliano walikuwa na ukubwa kadhaa, kuanzia ule mwembamba wa dukani hadi wa karatasi nne, sentimita 140 kwa 200. Wajapani karatasi ya takriban sentimita 51 kwa 73, ambayo kwa nyumba zetu ndiyo inayokaa vizuri zaidi ukutani. Wapolandi, chini ya serikali ya kijamaa, waliwaachia wachoraji uhuru ambao studio za Hollywood zisingeuvumilia, na mabango yao mara nyingine hayana hata sura ya nyota. Uzuri wake ni kwamba filamu ambayo bango lake la Marekani ni maelfu ya dola unaweza kuipata ya Japani au Polandi kwa sehemu ndogo ya kiasi hicho. Angalia tu mwaka, kwa sababu filamu haikufika kila nchi wakati mmoja. Casablanca ni ya 1942, lakini bango la Italia lililochorwa na Luigi Martinati ni la 1946, baada ya vita, na nakala yake ya karatasi nne iliuzwa dola 478,000 mwaka 2017, kwa hiyo “la nchi nyingine” halina maana ya “rahisi” kila mara.

Mabango ya Ghana ya miaka ya 1980 na 1990, yaliyochorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja kwa ajili ya waonyeshaji wa video waliozunguka na jenereta, yananivutia kuliko mengi niliyoyataja, na bado nayaweka nafasi ya tano. Kila moja ni la pekee, hivyo hakuna bei ya kulinganishia, na wageni walipoanza kuyanunua wachoraji wakaanza kuyachora kwa ajili yao, jambo ambalo si kosa ila halitofautishwi kirahisi na lile lililotumika barabarani. Ya filamu za Kihindi nayo, ambazo wengi wa pwani tumekua nazo, ni ya kununua kwa mapenzi: mapya yaliyochapwa kwa michoro ya zamani yamejaa sokoni.

Mwisho kabisa, na kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ningesema aachane nayo, ni mabango ya Star Wars ya 1977 na yale ya utangulizi yaliyobeba jina la Revenge of the Jedi kabla halijabadilishwa kuwa Return of the Jedi. Yameigwa mno, tena kwa ustadi, na kuyatambua kunahitaji kuwa na la kweli pembeni. Mengine ya kuepuka ni mabango ya filamu za kutisha za studio ya Universal za miaka ya 1930: huko wadanganyifu waliwahi kubandika nakala bandia kwenye kitani, yaani kitambaa cha kuimarishia karatasi, ili upande wa nyuma usichunguzike.

Kitani chenyewe si dhambi. Bango dhaifu huoshwa, likabandikwa juu ya karatasi ya Kijapani na turubai kwa gundi ya wanga inayoweza kuondolewa kwa maji, na kwa karatasi kubwa iliyochanika huo ni uokoaji. Kinachoharibu ni kubandikwa kwa joto kwenye ubao, kwa kuwa hakuna kurudi nyuma. Uliza pia ni kiasi gani kimepakwa rangi upya, hasa mahali penye sura za watu. Hata hivyo, uchache hushinda usafi. Mabango 33 yaliyopatikana darini mjini Berwick, Pennsylvania, yakiwa yamegandana kwa gundi ya karatasi za ukutani, yaliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000 mwezi Machi 2012. Kwa filamu ya kawaida mambo ni kinyume: nakala zipo, basi hali ndiyo bei, na ya kuchakaa haina haja ya kununuliwa.

Kuhusu thamani, puuza bei anayoitaka muuzaji na tafuta bei iliyolipwa. Nyumba kubwa za mnada huweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita mtandaoni, na Heritage hukuruhusu kuzisoma ukishajisajili bila malipo. Tafuta filamu ileile, ukubwa uleule, onyesho lilelile na hali inayokaribiana, kisha chukua mauzo matatu au manne ya karibuni, uliache lile la juu kabisa, kwa kuwa watu wawili wakichukiana mnadani hawatoi somo la bei. Makadirio ya mnada nayo yasikutishe wala kukuhadaa. Bango la The Mummy ya 1932 liliuzwa na Sotheby's kwa dola 453,500 mwaka 1997. Mwaka 2018 nyumba hiyohiyo ilileta bango la filamu hiyo kwa makadirio ya dola milioni 1 hadi milioni 1.5, na halikupata mnunuzi.

Dau lako lipange kutoka mwisho kuja mwanzo. Nyundo ikigonga kwenye dola 200, kamisheni ya mnunuzi, ambayo kwa nyumba nyingi ni asilimia 20 na kitu hadi karibu 30, huongezwa juu yake. Kwa asilimia 25 umefika 250. Weka 60 za kusafirisha, ni 310. Na kifurushi kikitua, VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara au 16 kwa Kenya huhesabiwa juu ya bidhaa, usafirishaji na ushuru wa forodha utakaotozwa. Mwenye dola 300 mfukoni asipandishe dau kupita 150 hivi. Liandike hilo kwenye karatasi kabla mnada haujafunguliwa, uliweke kwenye mfumo kama dau lako la juu, kisha ufunge kompyuta.

Likifika, lisibandikwe kwa selotepu wala kugusa kioo cha fremu moja kwa moja, kwa sababu unyevu wa pwani huigandisha karatasi kwenye kioo na siku ya kuitoa rangi hubaki huko. Tumia karatasi isiyo na asidi nyuma na kipande cha kuliweka mbali na kioo mbele. La Mogambo la kwangu liko koridoni, mkabala na mlango wa stoo, ambako jua halifiki mwaka mzima, na kila mwanzo wa masika huliteremsha kuangalia kama mdudu hajaanza kula kona.