Uzoefu wangu: kupanua silinda ya Yamaha AG100 kwa mkereza wa Kibuye, Kisumu

Baba yangu alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani huko Nyando, na kwa miaka mingi Yamaha AG100 ndiyo iliyomfikisha kwa wakulima wa mpunga wa Ahero na wa miwa wa Chemelil. Ilipotolewa kwenye mnada wa mali ya serikali aliinunua mwenyewe, akaitumia hadi magoti yalipomkataza kupiga kiki, kisha ikakaa ghalani miaka kumi na mitatu, kuku wakitagia kwenye keria yake ya nyuma. Mwaka jana, baada ya mzee kutuacha, niliileta nyumbani kwangu Mamboleo nikiwa na nia moja tu, kwamba iwake tena na itembee kama alivyokuwa akiitembeza. Tathmini hii inahusu hasa mkereza vyuma aliyenipanulia silinda karibu na soko la Kibuye, kwa kuwa kazi yake ndiyo iliyookoa ukarabati wote. Sehemu nyingine nitazigusa pale zinapohusiana nayo.

Kwa asiyeifahamu, AG100 ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya shamba: ina stendi pande zote mbili, keria mbele na nyuma, na cheni iliyofunikwa kabisa ili matope yasiifikie. Injini yake ni ya mipigo miwili, ujazo wa sentimita 97 za ujazo (cc), na silinda ina upana wa milimita 52. Pampu ndogo huipelekea oili ya mipigo miwili kutoka kwenye tangi lake la pekee, kwa mfumo wa Autolube ambao Yamaha iliuanzisha mwaka 1964. Haina vali za juu wala kemishafti. Pistoni yenyewe, inapopanda na kushuka, ndiyo inayofungua na kuziba matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda. Watu huiita injini rahisi, na kuifungua ni rahisi kweli, lakini kosa dogo la kipimo hulipiwa na pistoni. Mafundi wetu wengi vijana wamejifunzia kazi kwenye Boxer na TVS za bodaboda, ambazo ni za mipigo minne, na siwalaumu kwa kutoizoea injini ambayo hawaletewi.

Hata hivyo, kosa la kwanza lilinigharimu. Niliagiza pistoni mtandaoni, iliyopigwa muhuri wa 0.50 kichwani, yaani iliyozidi kipimo cha asili kwa nusu milimita. Nikaipeleka silinda kwenye karakana moja mjini, ambako kijana aliuliza namba iliyo kwenye pistoni, akaikata silinda hadi milimita 52.50 kamili, akanirudishia jioni ile ile kwa shilingi 1,200. Pistoni hakuipima. Wala mimi sikujua kwamba ilipaswa kupimwa. Injini iliwaka kwa kiki ya tatu, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga kwa ule mlio niliokuwa nikiusikia jioni nikiwa mtoto, mzee akikata kona ya kwetu. Siku ya nne, nilipopita Ahero nikielekea Awasi kwa mwendo wa wastani, mlio ulibadilika ukawa mkavu, gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, na nikaponea kwenye ukingo wa barabara kwa sababu tu nilivuta klachi upesi. Injini ilikuwa imenoki, yaani pistoni ilikuwa imekwama ndani ya silinda.

Mjomba ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Kibuye, yule mkereza niliyemtaja mwanzoni. Karakana yake ni kibanda cha mabati chenye mashine mbili kongwe za kijani, mwanga wa taa moja, na meza ya mbao iliyojaa namba za chaki. Nilifika saa saba mchana, silinda na pistoni zikiwa kwenye mkoba uliokuwa juani tangu asubuhi. Aliipokea silinda, akaigusa kwa kiganja, akaiweka mezani.

“Leo sipimi,” akasema. “Vyuma vina moto. Acha hapa, uje kesho asubuhi.”

“Jaduong',” nikamwambia, yaani mzee kwa Kijaluo, “siwezi kungoja tu hapa zikapoa?”

“Unaweza kungoja, kijana wangu, lakini bati nalo lina moto. Pistoni ni alumini, silinda ni chuma. Alumini hutanuka zaidi. Zikilala pamoja usiku mzima, asubuhi zitaniambia ukweli.”

Nilikubali, na ndipo nilipoanza kumwamini. Kesho yake saa moja unusu asubuhi nilisimama karibu naye akipima. Maikromita aliifuta kwa kitambaa, akahakikisha kwanza kwamba inasoma sifuri, kisha akaishika pistoni sehemu ya chini ya sketi, yaani ubavu wake ulio chini ya ringi, kwa mkao unaokata tundu la pini kwa pembe ya mraba, kwa kuwa pistoni si duara kamili na ukiipima penginepo utapata namba ndogo zaidi. Alisoma 52.49. Akaandika kwa chaki. Akaingiza kipimo cha ndani kwenye silinda, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia, akapata namba sita, akaziandika zote chini ya ile ya kwanza. Katika sehemu ambazo hazikukwaruzwa, silinda ilikuwa 52.50. Akanitazama bila kusema lolote. Nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na ukuta ilikuwa sehemu moja ya mia ya milimita, na pistoni ya alumini ikishapata moto hainayo tena nafasi ya kupita.

Hapo akaniuliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza: “Na sili za kranki umezipima?”

Kranki ni mhimili unaozungushwa na pistoni, na sili ni pete za mpira zinazoziba ncha zake. Katika injini ya mipigo miwili chumba cha kranki si mahali pa kuhifadhi oili kama wengi wanavyodhani. Mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa humo kwanza, hubanwa na pistoni inaposhuka, ndipo husukumwa juu. Sili ya upande wa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, ikikauka, na baada ya miaka kumi na mitatu ghalani lazima ikauke, hewa huingia kwa mlango wa nyuma, petroli inakuwa haba, na injini inachemka ingawa kabureta ni safi. Dalili yake ni kwamba unaachilia akselereta na mlio hauteremki upesi. Sili ya upande wa klachi ikiharibika, injini hunyonya oili ya gia na kuichoma, ikatoa moshi mzito mweupe huku oili ya gia ikipungua bila kuvuja chini. Ya kwangu ilikuwa na ile dalili ya kwanza tangu siku ya kwanza, nami nikadhani ni furaha ya injini mpya.

Mke wangu ni muuguzi, na alikuwa na mashine yake ya zamani ya kupimia presha, ile ya kubonyeza mpira kwa mkono. Niliziba mlango wa ekzosi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na bati nene lililokazwa kwa bolti, nikaziba upande wa kabureta kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa mrija wa ile mashine, nikaacha plagi mahali pake, nikabonyeza hadi mshale ukafika milimita 300 za zebaki. Kiasi hicho ndicho hasa injini ya namna hii inachotakiwa kuhimili inapojaribiwa. Mshale ulirudi sifuri kabla dakika haijaisha, na nilipopaka povu la sabuni nyuma ya magneto, mapovu yalichemka kuzunguka sili kama uji. Sili mbili mpya zilinigharimu shilingi 900. Nilipomaliza kufunga kila kitu upya nilirudia jaribio lile lile, na baada ya dakika sita mshale ulikuwa umeshuka kutoka 300 hadi 290. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na saa mkononi, alisema mgonjwa anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Mzee alinitaka nilete pistoni ya 0.75 kabla hajakata hata unywele mmoja, na nilipoipata, safari hii kwa shilingi 4,300 kutoka kwa muuzaji wa spea aliyekubali niipime dukani kwanza, ilisoma 52.71. Akaikata silinda hadi 52.75, akaacha nafasi ya milimita 0.04. Baada ya kukata, aliisugua ndani kwa mawe hadi mistari myembamba ikapishana ukutani, kwani mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Kisha, na hili karakana ya kwanza hawakulifanya, alichukua tupa ndogo na kuzunguka midomo ya kila tundu kwa mkono, akiyaondolea ukali ili ringi zisikwaruzwe wala kunaswa zinapopita. Kazi hiyo peke yake ilimchukua zaidi ya nusu saa. Ringi alizisukuma ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni na kupima mwanya wa ncha zake kabla hajanikabidhi. Alinitoza shilingi 1,800 kwa jumla.

Kasoro zipo, nami nizitaje. Nilisubiri siku tisa, na simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo ilinibidi kwenda mara tatu bure. Hatoi risiti. Silinda pia alinirudishia ikiwa na unga wa mawe ndani ya vinyweleo vyake, na nilipomuuliza alisema kuosha ni kazi ya mwenye pikipiki. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara nne, hadi kitambaa cheupe kilipopita ndani na kutoka cheupe, kisha nikaipaka oili papo hapo kabla haijaanza kutu. Anayeshindwa kufanya hivyo ataweka msasa katikati ya pistoni yake na silinda.

Kutu ya tangi niliiondoa kwa molasi ya kulishia ng'ombe, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa wiki mbili, na ilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Usiitumie tu kwenye vyombo vya alumini kama kabureta, maana huvila. Rangi nilipaka mwenyewe na haina la kusimulia. Pampu ya oili niliibakiza ingawa watu watatu walinishauri niing'oe nichanganye kwa chupa. Niliitoa hewa, nikalinganisha alama za kebo yake, na kwa tangi la kwanza nikatia pia oili kidogo kwenye petroli ili isitokee dakika hata moja ya ukavu. Natumia oili yenye alama ya JASO FC, kiwango cha Kijapani cha oili za mipigo miwili, na moshi wake ni mdogo.

Kilomita 600 za kwanza nilizunguka hapa hapa mjini na Ahero bila kuisukuma. Baada ya hapo nilipanda nayo Kericho. Kisumu tuko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Kericho inakaribia mita 2,000, na kwa hewa nyembamba ya kule petroli ile ile huwa nyingi mno: nilipofika Kapsoit pikipiki ilikuwa nzito, na plagi nilipoitoa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilihamisha klipu ya sindano ya kabureta hatua moja juu, ikachangamka. Kabla ya kuteremka niliirudisha, kwa sababu kipimo kinachofaa Kericho kinaweza kuinyima injini petroli na kuiunguza kwenye joto la Awasi. Katika mteremko mrefu nilikuwa nikifungua akselereta kidogo kila mara, maana ikifungwa kabisa huku gurudumu likiizungusha injini, oili inayofika kwenye pistoni ni haba.

Sasa imefikisha kilomita 1,900 tangu ipanuliwe, na mlio ukiachiliwa unateremka mara moja. Nilimpelekea mzee ili ausikie. Aliinama, akaweka kiganja juu ya mapezi ya silinda, akauacha hapo kwa muda, kisha akasema kimebaki kipimo kimoja tu, 1.00, kabla silinda haijaisha, na nianze kuitafuta pistoni yake mapema.

Ukitaka kumwendea, uliza wakereza walio upande wa juu wa soko la Kibuye. Nenda asubuhi, ubebe pistoni, pini na ringi zote pamoja na silinda. Jumamosi hafungui, kwa kuwa yuko kanisani.