Uzoefu wangu na tarakimu za Source Han Sans, kwa mlalo na kwa wima

Source Han Sans ni fonti ya bure ya Kijapani, Kichina na Kikorea iliyotolewa na Adobe na Google mwaka 2014. Kwa Google inaitwa Noto Sans CJK. Ina unene saba. Hapa napima tarakimu zake tu, kwa kazi za Kijapani.

Kwa maandishi ya mlalo sina la kulalamika. Katika Regular, unene wa kawaida, kila tarakimu ina upana wa vipimo 555, ilhali kanji moja (herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina) ina 1000, kwa hiyo safu ya bei inakaa sawa bila kuwasha kitu chochote. Chunga jambo moja: tarakimu za Bold, unene mzito, ni pana zaidi. Ukinenepesha jumla iliyo chini ya safu, makumi hayatakaa tena chini ya makumi. Mimi huacha Regular na kupiga mstari juu ya jumla.

Wima ndipo fonti hii inapoonyesha thamani yake, na ndipo wengi wanapokosea. Tarakimu za kawaida, U+0030 hadi U+0039 (namba za herufi katika Unicode), zikiwekwa wima hulala ubavu. Za upana kamili, U+FF10 hadi U+FF19, husimama zenyewe, kila moja kwenye nafasi yake. Zinafaa tarakimu ikiwa moja. Zikiwa mbili, kama siku ya 25, zifunge pamoja kwa amri ya CSS text-combine-upright: all, kisha washa hwid, kipengele cha fonti kinacholeta tarakimu za nusu upana. Sababu ni hesabu tu: 555 mara mbili ni 1110, inazidi nafasi ya kanji moja, nusu upana ni 500 mara mbili, inaingia barabara. Tatu hubanwa mpaka zinaonekana nyembamba kuliko kanji za jirani, nami sizikubali katika matini ya kusomwa. Hapo andika kwa kanji, na mwaka vilevile: 二〇二四年, yaani mwaka 2024.

Sifuri hiyo iangalie vizuri. Ukichapa まる (maru, yaani duara), kibodi inakuletea ○, ◯ na 〇, na jicho likichoka hazitofautiki. Sifuri halali ni 〇, U+3007. Duara ○, U+25CB, ni alama tu: mwaka ulioandikwa nayo hautapatikana kwa utafutaji, hata kama ukurasa unapendeza. Kabla ya kupeleka faili kiwanda cha uchapaji, tafuta U+25CB na U+25EF (◯) katika matini yote.

Kosa jingine linatokea kabla fonti haijaguswa. Matini ya wateja huja na １２ za upana kamili zikichanganyika na 12 za kawaida. Usisafishe kwa NFKC, njia ya Unicode ya kusawazisha herufi: inarekebisha １２ kweli, lakini pia inageuza ① kuwa 1, na namba za maelezo ya chini zinapotea ndani ya sentensi. Badilisha zile kumi tu, U+FF10 hadi U+FF19, moja kwa moja.