Uzoefu wangu wa kutafuta chuo cha ualimu wa msingi nikiwa Tanga

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na anataka ualimu wa shule ya msingi. Ananiuliza maswali kila jioni, nikaona niyaandike majibu yangu, kwani najua wako wengi wenye maswali kama yake. Mimi nilisoma astashahada, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita cheti cha Daraja A, miaka miwili. Sasa nafundisha darasa la pili hapa Tanga mjini.

Kidato cha nne nilipata daraja la III, na wakati ule sifa ilikuwa daraja la I hadi la III, kwa hiyo niliruhusiwa kuomba. Nyumbani kwetu Makorora kila mtu alikuwa na chuo chake cha kunishauri. Mjomba alishikilia Bagamoyo, "pale pana chuo kikubwa cha elimu, mwanangu, nenda tu." Nilipofuatilia nikakuta anachokisema ni ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Pale wanafundisha uongozi na usimamizi wa shule, na wanaokwenda ni watu waliokwisha kuwa walimu. Nawaambia hili kwa sababu nimekutana na wazazi wengine watatu waliochanganya hivyo hivyo. Chuo kingine cha Bagamoyo kinachojulikana sana, TaSUBa, ni cha sanaa. Na anayetaka kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu, cha kuulizia kwanza ni Patandi, Arusha.

Baada ya hapo nikaenda kwenye chuo kimoja binafsi. Sitakitaja. Jengo jipya, vigae vinang'aa, maua getini. Mama aliyetupokea alikuwa mkarimu sana, na kila alichokisema kiliishia kwenye ajira: ukimaliza hapa ajira ni moja kwa moja. Nikauliza namba ya usajili wa chuo. Akasema iko kwa mkurugenzi, na mkurugenzi amesafiri. Nikaomba kuiona maktaba, nikaambiwa inapakwa rangi. Mama yangu alikuwa ameshalipia fomu, na ile pesa haikurudi. Iliniuma kwa ajili yake, maana aliipata kwa kuuza mihogo ya kukaanga.

Hilo la ajira niliseme waziwazi. Chuo hakigawi ajira ya serikali, kiwe cha serikali au binafsi. Nafasi hutangazwa, unaomba kama mwenzako aliyesoma mkoa mwingine, na siku hizi walimu wanaitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Kuna wenzangu wenye vyeti vizuri waliokaa miaka wakijitolea kwenye shule za mitaani kwao kabla ya kupata. Mtu akikuahidi ajira ofisini kwake siku ya kuchukua fomu, funga mkoba wako uondoke.

Kilichonisaidia kuona mbele ni matokeo. Baraza la Mitihani huweka matokeo ya ualimu kwenye tovuti yake chuo kwa chuo, kama yanavyowekwa ya kidato cha nne. Nilikaa kwenye kibanda cha intaneti Ngamiani, nikafungua ya miaka mitatu mfululizo, nikaandika kwenye daftari wangapi walifanya mtihani, wangapi walifaulu vizuri, wangapi walifeli. Chuo kimoja kilichosifiwa sana mtaani kwetu kilikuwa na wanaofeli wengi kila mwaka. Kingine ambacho sikuwahi kusikia mtu akikitaja kilikuwa kinapanda. Kazi hiyo ilinichukua mchana mmoja tu, na naiona hadi leo kuwa ndiyo saa nilizozitumia vizuri kuliko zote.

Lakini matokeo hayakuambii kitu kimoja, na hicho nilielezwa na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Sisi watoto wa mtaani tulikuwa tunamwita Bibi Mwalimu. Yeye alikuwa mwalimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilitaka kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977, na walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundishwa ualimu huko huko vijijini: asubuhi unafundisha, mchana unajifunza kwa vitabu vinavyoletwa kwa posta na kwa redio. Nilikwenda kumwamkia, nikamwonyesha daftari langu. Akalisoma lote, kisha akaniuliza, "Hawa watakuweka mbele ya watoto siku ngapi? Na nani atakaa nyuma ya darasa kukuangalia?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Sisi watu walitudharau kwa elimu ndogo, na walikuwa na haki. Nilikuwa najua hesabu za darasa la saba tu. Lakini mtoto hakunitisha, maana nilikuwa naye kila asubuhi tangu siku ya kwanza."

Swali hilo nikalipeleka kila mahali. Chuo cha pili binafsi walinijibu kwa uaminifu kwamba mazoezi yao ya kufundisha ni wiki tatu na mkufunzi anapita mara moja. Nikawashukuru. Vyuo vya serikali nilivyoulizia, kikiwemo cha Korogwe kilichopo hapa hapa mkoani, vilikuwa na jambo ambalo sikulijua: kwenye vyuo vingi vya zamani kuna shule ya msingi ya mazoezi jirani, mwanachuo anavuka uwanja tu anaingia darasani. Nikaomba serikalini kupitia wizara. Unajaza machaguo yako, lakini wizara ndiyo inayopanga, kwa hiyo jiandae kupelekwa mbali. Mimi nilipangiwa chaguo la tatu. Nililia kidogo stendi ya Kange, kisha nikapanda basi.

Mazoezi yangu ya kwanza yalikuwa wiki nane, darasa la kwanza, watoto 84. Niliandaa somo la sauti "ng'" usiku kucha, manila zangu zina picha ya ng'ombe na ng'ongo, andalio la somo halina doa. Niliona nimefundisha vizuri sana. Mkufunzi aliyekuwa amekaa benchi la nyuma akaniita chini ya mwembe, akafungua karatasi yake. Alikuwa ameandika majina ya watoto niliowauliza. Saba, wote wa madawati mawili ya mbele. Wa nyuma hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa, na wawili hawakuwa na penseli. Hakunigombeza. Alirudi Alhamisi, akarudi tena wiki iliyofuata, na kila mara na karatasi ile ile ya majina. Mpaka leo nikiingia darasani naanzia madawati ya nyuma.

Kwa hilo nakipa chuo changu alama 8 kati ya 10. Mbili nimezitoa kwa haki. Kompyuta zilikuwa chache mno, zaidi ya wanachuo kumi kwa moja, na vitabu vya maktaba vingi vilikuwa vya mtaala wa zamani. Bweni lilikuwa la kawaida, maji ya kugombania mwezi wa Februari.

Kwa wanaoomba sasa, ulizeni pia kozi inayofunguliwa ni astashahada au stashahada, maana mambo yanabadilika tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ilipotolewa upya mwaka 2023. Msitegemee niliyosoma mimi. Na mkitembelea chuo, nendeni siku ya kazi, asubuhi, wakati wa vipindi, muombe kuongea na wanachuo wa mwaka wa pili bila mkufunzi kuwapo.

Jumanne nitampeleka mdogo wangu Korogwe akajionee. Nimemwambia achukue daftari, na ukurasa wa kwanza ameshaandika kwa mkono wake: siku ngapi, na nani atakaa nyuma.