TAHADHARI: Kuna mtu anauza "injini mpya za boti, 502" na anatumia picha yangu kama ushahidi

Kama umetumiwa picha yangu nimesimama kando ya kreti ya mbao, mkono juu ya injini nyeusi inayong'aa, USILIPE. Usitume hata amana. Picha ni ya kweli na mtu ni mimi, lakini ile injini ni uchafu uliopakwa rangi. Mwenzetu mmoja ameniambia yule mtu anaituma kwa kila mteja na kumwambia, "Huyu hapa alinunua kwangu, mwone anavyocheka." Nimeshindwa kula. Kuna watu wametoa hela zao kwa sababu ya sura yangu.

Habari ya injini ya zamani ya boti yangu ilivyokufa mnaijua, na wengine mlikuwepo siku boti ilipovutwa, sirudii. Nilikuwa natafuta bigi-bloku mpya, yaani injini kubwa ya silinda nane, ya petroli, inchi za ujazo 502, yaani lita 8.2, ya boti hasa, ikae palepale kwenye vikalio vilivyokuwepo.

Niseme kwanza kwa nini nilimwamini, maana nimeshaanza kusikia "macho yako yalikuwa wapi". Bei yake haikuwa ya kutupa. Ilikuwa chini kidogo tu ya wengine, na tofauti hiyo aliieleza: aliagiza mbili kwa mteja wa boti ya injini pacha, mteja akaghairi. Nilipompigia hakuniuliza nina kiasi gani. Aliniuliza uwiano wa gia yangu, ukubwa wa propela, na injini nataka izunguke upande gani, kwa sababu kwenye boti za shafti mbili mara nyingi moja huzunguka kinyume cha mwenzake. Muuza vyuma chakavu hajui hilo. Halafu nilipomtajia nyingine aliyokuwa nayo kwenye orodha, 572, akanikatalia. "Hiyo siyo yako kaka, itakuvunjia gia, sitaki lawama." Mtu anakataa kukuuzia kitu cha bei kubwa zaidi, utamshuku vipi?

Nilipofika ghalani kwake kreti ilikuwa bado imepigiliwa. Akanipa mtaimbo nifungue mwenyewe. Misumari mipya, mbao zinanukia ubichi. Ndani plastiki nene, na vifuko vya kunyonya unyevu vimefungwa kwa uzi. Aliikunja ile plastiki polepole kuanzia chini, kama anayemfunua bibi harusi. Rangi nyeusi haina mkwaruzo. Midomo ya manifoldi za ekzosi imezibwa kwa vifuniko vyekundu vya plastiki. Kibandiko cha 502 kwenye vifuniko vya vali, pande zote mbili, kimenyooka. Akaweka spana kwenye boliti ya mbele ya krankshafti, akaniambia zungusha. Nikazungusha. Mgandamizo ukapanda, ukashika, ukaachia, silinda baada ya silinda, laini, hakuna kukwaruza. Nikanusa tundu la oili. Oili mpya. Akanitolea karatasi ya majaribio ya nguvu, ina mistari miwili ya rangi, mmoja wa nguvu za farasi na mmoja wa msokoto, na mhuri chini.

Kwenye vifuniko vya vali na kwenye plagi kulikuwa na waya mwembamba wenye sili ya risasi. Nilimwuliza kama naweza kutoa plagi moja nichungulie kwa kamera. Hakukataa! Alisema, "Toa, ni yako. Ila sili ikivunjika dhamana imekwisha, kwa hiyo utasaini hapa kwamba umevunja mwenyewe." Akanisogezea karatasi na kalamu. Nikaiangalia ile sili, nikaiangalia karatasi ya dhamana ya miaka miwili, nikarudisha kalamu mezani. Nani kati yenu angevunja? Nilete injini mpya nyumbani bila dhamana? Hapo ndipo alipokwisha kunila, na picha akaipiga dakika hiyohiyo.

Ilifungwa, ikawaka vizuri. Tulipoingia majini na kusukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, ikagoma. Ilitakiwa ipande kupita mizunguko 4,500 kwa dakika, haikufika hata karibu, omo juu, boti haitaki kulala. Tukalaumu propela. Wakati wa kurudi taratibu kuelekea gatini ikaanza kukohoa, ikazima. Kuwasha tena, haizunguki hata robo. Maji yalikuwa ndani ya silinda.

Fundi wetu mnamjua, hana maneno mengi. Alitoa hedi ya kushoto, ile inayofunika silinda kwa juu, akapangusa pistoni kwa kitambaa, akaniita. Juu ya pistoni pamegongwa namba: 030. Hiyo ni pistoni ya ukubwa wa ziada, sehemu 30 za elfu za inchi, ambayo huwekwa silinda zikishachakaa na kuchongwa upya. Injini mpya kutoka kiwandani itaipata wapi? Akapima kipenyo. Silinda ya 502 ina inchi 4.466, karibu milimita 113.4. Yangu ilisoma 108.7. Hiyo ni 454 iliyochongwa, lita 7.4 ya asili, ileile iliyokuwa kwenye pikapu kubwa za GM miaka ya 1990. Mwendo wa pistoni wa 454 na wa 502 ni mmoja, inchi 4, na kwa nje bloku zinafanana mno. Ndiyo maana mchezo wake ni mwepesi: rangi, kibandiko, kreti.

Kemshafti, ile shafti inayofungua vali, nayo ya gari. Kemu ya gari yenye kuacha vali za kuingiza na za kutoa wazi pamoja kwa muda mrefu haifai kwenye ekzosi ya boti inayochanganywa na maji, kwa sababu injini ikiunguruma pole huvuta unyevu kutoka kwenye ekzosi ukarudi ndani. Vile vizibo vya duara ubavuni mwa bloku, ambavyo kwenye injini ya boti huwa vya shaba ya njano, alipokwangua rangi vilikuwa vya chuma cha kawaida, na kimoja kimeshaanza kutoboka kwa kutu.

Lakini kilichonikalisha sakafuni ni stata na oltaneta. Za gari! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, pale chini ya injini. Ndiyo maana stata na oltaneta za boti hutengenezwa cheche zake zisiwashe mvuke ulioko nje. Marekani ni sharti la sheria kwa boti za petroli zenye injini ndani, na kipo kiwango cha kimataifa, ISO 8846. Huyu mtu aliniuliza mimi ninapanda na nani, nikamwambia mke wangu na watoto, akatikisa kichwa akasema "safi sana", huku akijua alichofunga pale chini. Huo si utapeli wa biashara. Asifunguliwe kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu peke yake, afunguliwe na ya kuhatarisha maisha ya watu, na aliyemchongea silinda, na aliyempigia mihuri, wote wawe kizimbani pamoja. Ghala lifungwe. Mashine zake za kuchongea zikamatwe.

Nilimpigia. Unajua alijibu nini? "Nani alikuruhusu kuvunja sili?" Kisha akakata, na namba haipatikani tena kwangu, ingawa kwa wengine inaita.

Mnaniuliza dalili. Namba iliyotoka na bloku kiwandani, ile ya nyuma karibu na mahali gia inapofungwa, ilikuwa imesagwa na kupakwa rangi nene. Na ile sehemu bapa mbele ya hedi ya kulia, panapogongwa namba, imelainishwa. Pitisha kidole, usiangalie kwa macho. Karatasi ya majaribio haikuwa na namba ya injini. Na kitu kingine fundi alikiona papo hapo: farasi na futi-pauni za msokoto zikichorwa kwa kipimo kimoja, mistari lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252, ni hesabu tu, haibadiliki kwa injini yoyote. Ya kwake ilikutana kwenye 4,400. Yaani hata chati alichora kwa mkono wake, mshenzi yule, akapiga na mhuri, akanikabidhi kwa mikono miwili! Mtu wa hivyo anastahili kuachiwa mtaani? Apelekwe mbele ya wote aliowauzia, afungue kila injini kwa spana yake mwenyewe tukiwa tumemzunguka na askari.

Sili ya risasi kwenye plagi, mkiiona, ondokeni hapohapo.

Hedi, ile pistoni, stata na karatasi zote nimezihifadhi, na maelezo nimeshaandika polisi. Wameniambia mlalamikaji mmoja hatoshi kumshikilia muda mrefu. Kama ulinunua kwake, au umelipa amana na hujaletewa, nitafute leo. Njoo na risiti, na picha ya kibati cha namba kama kipo, na usiiwashe hiyo injini ikiwa ndani ya boti.