TAHADHARI: "Kidani cha dharura" kwa wanafunzi wa vyuo ni kitufe cha kupigia picha

Wazazi wenzangu, hasa mliopeleka watoto vyuo vya Dar mwaka huu, someni hii kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayeuza vidani vya dharura mtandaoni.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Hakupata chumba ndani ya chuo, anakaa hosteli ya nje, na kati ya maktaba na anapolala kuna kipande cha njia hakina taa. Mzazi mwenye mtoto wa hivyo halali, na huyu muuzaji analijua hilo vizuri. Tangazo lake lilisema mtoto akibonyeza kidani mara moja tu, mzazi na kituo cha polisi cha karibu wanapata mahali alipo kwa satelaiti. Hakihitaji laini wala bando, na hata asipokuwa na simu kinafanya kazi. Nikatuma 85,000. Baada ya siku mbili akadai 30,000 nyingine ya "kumuunganisha na polisi kwa mwaka mzima", nayo nikatuma. Kisha akaomba jina kamili la binti, namba yake ya NIDA, picha, jina la hosteli na ratiba ya vipindi, eti askari wamfahamu. Nikatoa vyote. Hilo linaniuma kuliko hela.

Kidani kilifika, kizuri tu, ukikibonyeza kitaa cha buluu kinawaka.

Wiki ya tatu, kwenye saa tatu usiku, vijana wawili wakaanza kumfuata. Akabonyeza, taa ikawaka. Kwa kuwa taa imewaka akaamini mama kashapata taarifa na msaada unakuja, basi akasimama palepale kusubiri badala ya kukimbilia penye watu! Simu alikuwa ameiacha hosteli kwenye chaji, maana tuliambiwa haihitajiki. Mimi niko Morogoro nimelala, simu iko kando ya mto, haikulia hata mara moja. Aliyemwokoa ni mama mmoja anayekaanga chipsi pale kona. Alimwona mtoto wa kike amesimama gizani peke yake, akamwita kwa sauti aje akae karibu na jiko. Wale vijana wakapita. Mungu amzidishie yule mama. Habari hizi nilizipata asubuhi yake, nikapanda basi la kwanza.

Tulikipeleka kwa fundi simu, akakifungua mbele yetu. Ndani kuna kibao kidogo cha kijani na betri ya kidonge, CR2032, ile ya volti 3 inayowekwa kwenye rimoti za magari. Sehemu ya laini hakuna. Fundi akakiunganisha na simu yake kwa Bluetooth, akafungua kamera, akaniambia, "Mama, bonyeza." Nikabonyeza, simu ikapiga picha. Ni kile kitufe cha fimbo ya selfi, wamekivalisha gamba jipya na kamba ya shingoni.

Alichonieleza fundi nakiandika hapa kwa sababu laiti ningekijua mapema. GPS inapokea tu mawimbi ya satelaiti ili kifaa kijue kilipo. Haipeleki habari kwa mtu. Ili habari ikufikie wewe, kidani kama hiki lazima kiwe na laini yake yenye salio na mtandao, au kitumie simu iliyo karibu kupitia Bluetooth, ambayo kwa vifaa vidogo kama hivi ni mwendo wa mita kumi hivi. Kifaa chenye laini kina namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kama simu yoyote, na hiyo unaweza kuihakiki kwa kuituma kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kinahitaji kuchajiwa mara kwa mara pia, maana betri ya kidonge haina nguvu za kurusha mawimbi ya simu. Kwa hiyo ukisikia "hakihitaji laini, hakihitaji simu, betri inakaa mwaka", funga mazungumzo hapohapo. Na hata kile cha kweli, ndani ya jengo la ghorofa GPS inaweza kukosea au isishike kabisa.

Usiridhike na video. Mimi nilitumiwa ya kidani kinabonyezwa na simu iliyo mezani inalia. Simu hiyo inaweza kupigwa na mtu yeyote aliye chumba cha pili. Mwambie muuzaji mkutane, simu ya mtoto izimwe, wewe nenda mtaa wa pili, kibonyezwe, uone kama simu yako italia. Huyu wangu nilipomwomba tujaribu alisema mfumo "hauruhusu majaribio". Nilipaswa kuacha palepale. Jina lililotokea nilipotuma hela nalo lilikuwa la mtu binafsi, tofauti kabisa na jina la duka, nikalipuuza.

Nilipomwandikia kuhusu yaliyotokea alinifungia. Namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli, na nimefungua taarifa polisi. Pale pia niliuliza kama kuna kidani chochote cha muuzaji huyo kilichounganishwa na kituo chao. Hakuna. Polisi wanapatikana kwa kupiga 112, na mtoto anapiga mwenyewe kwa simu yake.

Kama na wewe ulimnunulia mwanao, mpigie sasa hivi umwambie asikitegemee, simu awe nayo mkononi, na akihisi anafuatwa aende penye watu. Na kama ulitoa ratiba na hosteli kama mimi, mwambie abadilishe njia na saa za kurudi. Binti yangu tumemhamishia hosteli nyingine juzi. Waliolizwa na muuzaji wa namna hii, niandikieni, tupeleke malalamiko pamoja.